Mchekeshaji Alipofiwa na Babake

Sijui kukaa kitako. Hata kwetu, kijijini Kwanza, nikienda kuwaona wazazi, chai haijapoa nimeshainuka mara mbili kwenda dirishani kutazama mwanga unavyoangukia mahindi. Baba huniuliza kama kuna ndege inayoningoja.

Nilianza kazi Kitale, kwenye studio ndogo karibu na stendi, nikipiga picha za paspoti mbele ya pazia la samawati. Siku moja akaingia kijana wa Bungoma, amevaa koti kuukuu la kumzidi na kofia ya kizee. Alitaka picha ya kuweka kwenye bango la onyesho lake la vichekesho. Nilipomwambia asimame wima, alinijibu kwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya mzee wa kwao: "Mimi nasimama hivi tangu wakati wa mukoroni!"

Nilicheka mpaka kamera ikatikisika.

Mzee huyo alikuwa babake mzazi. Kijana alimwigiza yeye miaka yote, na kwa kumwigiza akajulikana nchi nzima. Kila alipoitwa kupigwa picha, alisema mpiga picha ni mimi. Kupitia kwake nikawapata waimbaji, watangazaji, wanariadha. Nililala hotelini bila kufungua mkoba. Sura moja ikishaanza kujulikana, mimi nilikuwa tayari natafuta nyingine, nikiogopa mpiga picha mwingine asije akaiona kwanza.

Kisha mchekeshaji akanipigia simu asubuhi moja. "Sasa, dada," alisema. "Mzee ameenda. Kuja wewe. Sitaki mtu mwingine apige."

Mazishi yalikuwa kwao, nje kidogo ya Myanga. Watu walijaa kupita mahema. Wengi hawakumjua marehemu. Walikuja kumwona mwanawe, simu zikiwa juu. Mimi nilizunguka tu, kutoka kwaya hadi kaburini, kutoka kaburini hadi alipoketi mjane, nikirudi tena kwa kwaya. Miguu haikukubali kutulia.

Mwanawe akaitwa kusoma wasifu wa marehemu. Alivaa suti nyeusi, ya kumtosha vizuri. Alipofungua mdomo, sauti ikashuka kwa kilio, ikatoka ile ile ya babake.

"Baba yangu arikuwa..."

Mtu akacheka huko nyuma. Wengine wakamfuata. Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, na kwa kuwa hata hilo hulifanya jukwaani, kicheko kikazidi.

"Jamani, si mnyamaze kidogo," akawaomba.

Wakampigia makofi.

Ndani ya kamera nilikuwa nimemvuta karibu sana. Nilikiona kidevu kinavyotetemeka. "Analia kweli, bana!" nilipiga kelele, lakini nani angenisikia?

Mama yake akainuka kwenye kiti chake. Alitembea polepole, akasimama mbele ya mwanawe, akiwapa watu mgongo. Akamwondolea kipaza sauti mkononi na kukiweka juu ya meza.

"Nisomee mimi," alimwambia. "Hao waache."

Akamsomea. Watu walinyamaza kidogo kidogo, kwa kuwa sasa hawakusikia kitu. Mimi nilikuwa karibu. Nilisikia habari za mtu aliyelima miwa, aliyemfundisha mwanawe kukama, aliyeomba kila jioni aonyeshwe video za mwanawe kwenye simu. Hapo msomaji akashindwa.

"Arikuwa anacheka mpaka anakohoa," mama yake akasema. "Enderea, mwanangu."

Picha niliyopiga ni kitambaa cha kichwa cha mama huyo, na juu yake uso wa mwanawe umelowa. Hatujanawa mikono tule, mhariri wa gazeti moja, aliyesikia kuwa niko pale, alishanipigia simu akitaka picha. Nilimwonyesha kwanza mchekeshaji mwenyewe. Akanirudishia kamera.

"Hii ni ya mayi," alisema, kwa neno lao la mama. "Mpelekee yeye."

Niliichapisha Bungoma mjini nikampelekea. Aliitundika sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa.

Baada ya hapo mchekeshaji wangu hakumwigiza mzee tena. Alijaribu kuwa chifu, akajaribu kuwa kondakta. Watu wakamtazama tu. Aliniita kila mara tupige picha mpya, halafu akazikataa zote. Mchana mmoja pale Kitale alibadilisha shati baada ya shati, akienda huku na huku studioni, nami nikihamisha taa kumfuata, mpaka sote wawili tukachoka na kuketi sakafuni bila picha hata moja.

Aliyemaliza jambo hilo ni mama yake. "Mzee ameshakufa," alimwambia mbele yangu, nilipomsindikiza nyumbani. "Kwa nini na sauti yake unaizika? Ati uliogopa watu? Mimi nayo nitaisikia wapi?"

Onyesho la kurudi lilifanyika Bungoma. Neno la kwanza tu kwa sauti ya mzee, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama yake alikuwa mstari wa mbele. Alicheka akiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, kisha machozi yakaanza, naye hakuacha kucheka. Jioni ile nilimpiga picha mama zaidi kuliko nilivyompiga mwanawe.

Walinikaribisha chakula baada ya onyesho. Nilikula nimesimama, mkoba begani. Huko Suam, mpakani, kulikuwa na binti mkimbiaji aliyeanza kutajwatajwa redioni, na nilitaka kufika kwao kabla hajaenda mazoezini asubuhi.