Nilimwambia Kaka Asubiri Ndege ya Njombe

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu nyumbani nimeshindwa kulisema.

Mimi ni mwanamke, naishi Mjimwema, Njombe. Mwaka huu, kipindi cha baridi kali, mama alilazwa akiwa na hali mbaya. Kaka yangu wa pekee, nimwite Festo, anafanya kazi Dar es Salaam. Nilipompigia alisema, "Kesho alfajiri napanda basi."

Nikajifanya mjuaji. Nikaperuzi kwenye simu, nikakuta ukurasa umeandika umbali kati ya uwanja wa ndege wa Songwe, kule Mbeya, na uwanja wa Njombe, na muda wa kuruka. Kama nusu saa hivi.

"Kaka, basi la nini? Subiri ndege ya keshokutwa mpaka Songwe, pale unaunganisha ya Njombe. Nusu saa tu umefika."

"Una uhakika? Mbona sijawahi kusikia ndege ya Njombe?"

"Nimeona mwenyewe."

Nilichoona ni hesabu tu, mstari ulionyooka toka uwanja mmoja hadi mwingine. Ndege ya abiria kati ya viwanja hivyo haikuwepo. Ningemuuliza jirani yeyote angeniambia. Sikuuliza, maana kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayeulizwa.

Festo alishuka Songwe, akanipigia. "Mdogo wangu, hapa wananishangaa. Hiyo ndege haipo." Akaanza kuhangaika na usafiri wa barabara.

Mama alikuwa anamuulizia kila akizinduka. "Festo amefika wapi?"

"Yuko Makambako, mama. Bado kidogo."

Nilimdanganya. Festo alikuwa hajaiacha hata Mbeya. Mama akageuza uso mlangoni, akakataa hata uji, akisema atakunywa na mwanawe. Alikata roho akiwa anautazama mlango huo.

Baadaye sana simu iliita. "Sasa nimefika Makambako," Festo alisema. "Mwambie mama nakuja." Nesi alinipokonya simu, akamwambia yeye.

Ningeishia hapo, huenda leo ningekuwa nalala. Msibani baba yetu mdogo alimsimamisha Festo mbele ya watu wote, wazee wa kanisa wakiwepo. "Wenzako wanapanda basi. Wewe ulisubiri ndege, mama yako anakufa. Mjini kumekuharibu."

Festo akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi niseme.

Nikainamisha kichwa, nikajifanya nafuta machozi kwa khanga.

Na yeye hakunitaja. Alikaa chini, akavumilia maneno mpaka tukazika. Siku ya kuondoka nilimfuata stendi, nikamwambia, "Kaka, nisamehe." Akasema, "Nisamehe nini? Wewe umesema nini?" Kisha akapanda basi. Tangu hapo simu zangu hapokei. Mashangazi bado wanamsema, nami bado nawapikia chai na kunyamaza.

Ndugu msomaji, usimpangie mtu safari ya mgonjwa kwa namba ulizookota kwenye simu. Uliza waliopita njia hiyo. Na ukiwa umekosea, sema hapohapo, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka. Wakishatawanyika, kila mmoja ameondoka na uongo wako, na huna pa kuanzia kuwakusanya.