Kitambaa Hakikuwa Kidogo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikiona msichana ameshika mkasi mbele ya kitambaa kipya. Nilikuwa na miaka kumi na saba, tunakaa hapa hapa Wawi, na dada yangu Salma alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile. Kaka yetu Hamadi, aliyekuwa akifanya kazi Tanga, alimletea mama kitambaa cha satini ya kijani, yadi nne, ashoneshe gauni la kuvaa harusini. Enzi zile nguo zilikuwa adimu. Mama alikikunja na kukikunjua mara sijui ngapi, akawaonyesha majirani wote, hata wale aliokwisha kuwaonyesha.

Mimi nilikuwa nimejifunza kushona miezi mitatu tu, kwa charahani ya mkono ya shangazi yangu, Bi Mwanaisha, tuliyekaa naye nyumba moja. Nilijua kushona foronya na kupinda ncha za kanga. Lakini kichwani nilikwisha kuwa fundi mkubwa. Nikamwambia mama asikipeleke kwa fundi, nitamshonea mimi. Naye, kwa mapenzi tu, akakubali.

Shangazi alikuwa kaenda kijiji cha Tumbe kumtazama mjukuu aliyezaliwa. Nilipaswa kumngoja. Sikumngoja. Jumanne asubuhi nikatandika satini kwenye mkeka, nikalaza juu yake gauni la kuazima, la kubana kiunoni na sketi ya mviringo, nikalifuata kwa chaki. Mkasi ulikwenda vizuri ajabu, hata nikawa naimba. Nikakata mbele, nikakata nyuma, nikazungusha sketi. Nilipofika kwenye mikono, kitambaa kimekwisha! Chini pamejaa vipande: vya pembe tatu, vilivyopinda kama mwezi mchanga, vyembamba kama utepe. Hakuna hata kimoja kilichotosha mkono wa mtoto, sembuse wa mama, ambaye hakuwa mtu mdogo.

Hapo nikafanya jambo baya kuliko kukata vibaya. Nikavikusanya vipande nikavitia kwenye pakacha, nikafunika kwa kanga kuukuu, nikamwendea mama jikoni.

"Mama, kitambaa kidogo. Hakikufika yadi nne. Mikono haitoki."

Mama aliacha kukuna nazi. "Hamadi kaniletea pungufu?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema taratibu, "Basi, labda hakuwa na uwezo. Usimwambie, asije akaona haya." Akaendelea kukuna, na nikamwona anapangusa macho kwa kiwiko.

Mchana shangazi akarudi, mama akamweleza. Shangazi akaingia chumba cha charahani, akatazama huku na huku, akalivuta lile pakacha akalimimina juu ya mkeka.

"Kaa kitako," akaniambia. "Vipange vyote, kimoja kando ya mwenzake."

Nikavipanga. Vikaenea yadi nzima na zaidi.

"Haya. Kitambaa kidogo?"

"Hapana, shangazi."

"Kidogo nini?"

"Akili yangu."

Akacheka, mwanangu! Nilitarajia kofi, nikapata kicheko cha kutikisa mabega. Kisha akakikata ghafla. "Nguo tutaitengeneza. Lakini umemsingizia kaka yako kwa mama yake, na hilo mimi siwezi kulishona. Nenda."

Kutoka chumba kile hadi jikoni ni hatua kumi. Siku ile zilikuwa nyingi. Nikamwambia mama kila kitu, nimeinamisha kichwa. Nikasikia anashusha pumzi.

"Kwa hivyo mwanangu hakunipunja?"

"Hakukupunja, mama. Zilikuwa yadi nne kamili."

"Alhamdulillahi!" Akainuka kwenye mbuzi, nazi imemjaa mikononi, akacheza pale pale. "Mikono ndiyo nini! Nitavaa hata kizibao kisicho na mikono!" Furaha yake ilinitia aibu kuliko ukali wowote.

Shangazi akanitandikia kanzu ya mumewe. Akanionyesha badani, kile kipande kirefu cha mbele na cha nyuma, kimenyooka tu. Akanionyesha taharizi, zile pembe tatu za ubavuni: mbili zinatoka kwenye kipande kimoja kilichokatwa mshazari. Na kikwapa, mraba mdogo wa chini ya mkono. "Sasa niambie," akauliza, "hapa kimeanguka nini chini?" Nikatafuta, sikuona kitu.

Tukaanza upya. Sketi ya mviringo tukainyoosha, na tulichokipunguza kikawa mikono. Pembe tatu zikaingia ubavuni, vyembamba vikazunguka shingo. Kilichobaki kilijaa kiganja, tukakishonea kifuko cha asumini cha biharusi. Ijumaa mama aliingia harusini kama malkia. Wanawake walimgeuza wamtazame viungo vya ubavuni, wakauliza fundi ni nani. Na Hamadi, asiyejua lolote, alikuwa akicheka tu kuona kijani chake kilivyompendeza mama yake.

Juzi mjukuu wangu Rahma, mwalimu wa skuli, alinionyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wanavyofundishana kukata nguo isiyoacha mabaki. Wanaliita jambo jipya. Nikamwambia, "Hiyo si kanzu ya babu yako?" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kesho yake tukakata gauni lake pamoja, na leo amelivaa kazini.

Kwa hivyo nakwambia, mwanangu: jishonee nguo zako, na kabla hujashika mkasi, panga. Chora vipande vyote kwanza, ukingo wa hiki uwe ukingo wa kile. Usione haya kwa kiungo, watu watakisifu. Muulize anayejua, hata kama itabidi umngoje. Na ukikosea, sema umekosea wewe, siku ile ile, wala usimtwike lawama mtu asiyekuwepo kujitetea.

Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na moyo mweupe. Akujaalie uvae ulichokishona mwenyewe, kwa afya na kwa furaha, na wanaokupenda wawe hai wakuone umependeza. Amin.