Plake Haimo Mchezoni

Huku makazi ya wakimbizi ya Nakivale mchezo wa kuigiza huanza na mada, na mada huja na gari. Linasimama gari jeupe, anashuka kijana mwenye kitambulisho kifuani, anasema safari hii ni usafi wa vyoo, au waume wanaopiga wake zao, au ndoa za mapema. Mimi niliyesoma fasihi Bukavu, nikaandika kurasa nyingi kuhusu ukuta usioonekana kati ya jukwaa na watazamaji, naitikia kama mpishi wa hoteli aliyeagizwa chapati. Baada ya wiki chache, choo kina wahusika na vilio vyake.

Ule wa ndoa za mapema tuliucheza kwanza mjini Mbarara, katika ukumbi wa shule. Watu walicheka mahali pa kulia. Mwishoni mama mmoja wa huko alinishika mkono: "Mzee, mmecheza vizuri, lakini hii Swahili yenu iko nzito. Sisi tunajua ile ya polisi tu." Nilirudi nimeridhika. Hakuna aliyeumia.

Rubondo, kanda ninayoishi, hapakuwa hivyo.

Michezo yetu ina kawaida yake. Tunaifikisha mahali pabaya kabisa, kisha mtazamaji yeyote anaweza kupiga makofi mawili, akasema "Simama!", akaingia kuchukua nafasi ya mwigizaji na kuonyesha angefanya nini. Na kabla ya kuanza, mimi husimama mbele na kutangaza: "Hapa kila neno ni la mchezo. Hakuna atakayeulizwa kesho kwa alichosema leo." Tangazo hilo sikulibuni kwa ajili ya urembo. Mwenzetu aliyeigiza mume mpigaji, mtu mpole anayeogopa hata kuku wake, mke wake alizomewa kwenye bomba la maji mpaka akalia. Kwa hiyo nilihubiri mwaka mzima kwamba anayecheza mwizi si mwizi.

Katika mchezo wetu baba anapokea ng'ombe wawili na binti anaomba amalize shule. Alasiri ile, kwenye uwanja ulio kati ya kanisa na shule ya msingi, mwigizaji wetu wa nafasi ya baba aliposema "Neno limekwisha," makofi mawili yalilia. Aliyesimama alikuwa msichana mwenye sweta la shule ya sekondari.

Wote tulimjua. Baba yake, mkulima na shemasi wa kanisa, alikuwa amepokea kutoka kwa mfanyabiashara wa vitu vya umeme anayekaa Mbarara zawadi ya kwanza ya mahari: kioo cha umeme wa jua, ambacho kwetu huitwa plake. Ilikuwa inang'aa juu ya paa lao tangu mavuno ya maharagwe. Harusi ilikuwa inasubiri shule zifungwe.

Msichana alichukua nafasi ya binti, akasimama mbele ya mwigizaji wetu.

"Papa, naomba nimalize masomo."

"Masomo itakupikia?" Mwenzetu alikuwa amekomaa katika kazi.

"Haitanipikia. Lakini ule muntu simujui. Na wewe haumujui, Papa. Unajua tu kile alileta."

Nyuma kabisa yakalia makofi mengine mawili. Alikuwa baba yake.

Ningeweza kusitisha. Kazi yangu pale ilikuwa hiyo hasa: kusema asante, kuita ngoma. Sikusitisha. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa ujasiri, lakini nilikuwa nimeduwaa kama mtu anayeona ukurasa wa kitabu chake unatembea kwa miguu.

Shemasi alimsogeza mwigizaji wetu kwa mgongo wa mkono.

"Unanisema mbele ya batu?"

"Ku nyumba hauniachake niseme."

"Sema basi."

"Nilishasema. Sitaki."

"Jibu, shemasi!" sauti ikatoka upande wa akina mama. "Mumuache, ni tiatre!" ikajibu nyingine. Shemasi aliutazama umati, kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu anayetafuta mlango.

"Basi," alisema. "Kama njo vile, ile plake nitaishusha na nitaimurudishia mwenyewe. Wewe uende kusoma."

Watu walipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mkewe alipiga vigelegele.

Kesho yake plake ilikuwa bado juu ya paa. Keshokutwa pia. Jumapili shemasi aliwaambia wenzake kanisani kwamba harusi iko palepale. Mkewe hakuzungumza naye. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kanda, nasi sote tukaitwa.

Tulikaa kwenye mabenchi uani kwa mwenyekiti. Msichana alikaa pembeni akitazama vidole vya miguu yake. Baba yake ndiye aliyeanza.

"Ile ilikuwa tiatre. Profesa mwenyewe alitangaza, kila neno ni ya muchezo. Nilicheza, batu bakapiga makofi. Sasa mutanihukumu juu nilicheza muzuri?"

Watu walicheka. Hata mwenyekiti alifunika mdomo. Mama hakucheka.

"Mali inapokelewaka mbele ya batu," alisema, "na kuikataa ni mbele ya batu. Batu bote balisikia! Munataka bashahidi gani bengine, ba malaika?"

Mwenyekiti aligeuka kwangu. Wananiita Profesa, ingawa kazi yangu ni kufundisha Kifaransa watoto ambao wanaingoja kengele kuliko wanavyonisikiliza mimi.

"Profesa, hii kazi ni yako. Maneno ya shemasi ilikuwa ya muchezo, ao yake?"

Nilianza na makubaliano kati ya mwigizaji na mtazamaji. Nilikuwa nakaribia ukuta usioonekana mwenyekiti aliponyanyua mkono.

"Sikukuomba masomo. Ya muchezo, ao yake?"

Nikisema ni yake, mwenzetu mpole angerudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa mpiga wanawake, kwa ushahidi wangu mimi, na ahadi niliyoitoa mbele ya kanda nzima ingekuwa uongo. Nikisema ni ya mchezo, vitabu vyote nilivyosoma vingeniunga mkono, na msichana angeolewa likizo ijayo. Alikuwa ameinua uso sasa. Hakuniomba chochote. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mwalimu anayesoma matokeo.

"Katika mchezo wetu," nilisema, "baba anapokea ng'ombe."

"Eh."

"Plake haimo mchezoni. Hiyo aliingia nayo mwenyewe."

Shemasi alinigeukia polepole. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Ulisema hakuna atakayeulizwa."

"Nilisema."

"Mbele ya batu."

"Mbele ya watu."

Mwenyekiti aliamua plake irudi, na mwenye kuirudisha awe yule aliyeipokea. Katika maonyesho yaliyofuata, kanda hii na nyingine, tulifika mahali pabaya, tukasubiri makofi mawili. Hayakuja. Watu waliketi wamefumba midomo, wakinitazama mimi badala ya jukwaa. Lile tangazo nimeacha kulitoa, maana najua watakavyolipokea. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, kabla hatujatawanyika, shemasi alinielekezea kidole.

"Huyu njo atanisindikiza Mbarara. Si anajua yangu na ya muchezo?"

Tukaenda, plake imefungwa kwa shuka.

Mfanyabiashara anaishi Kakiika, pembeni mwa Mbarara, nyumba yenye migomba nyuma na mlango wa chuma. Alitukaribisha kwa viti na soda. Alikuwa na adabu kuliko nilivyomtarajia, na hilo liliniongezea wasiwasi. Habari zilikuwa zimeshamfika. Alifunua shuka, akagonga kioo kwa ukucha.

"Nasikia kule Rubondo munakuwa na tiatre. Hii nayo ni tiatre?"

Nikaona mlango umefunguliwa. Shemasi angeweza kucheka tu. Angesema tulikuwa tunatania, plake imeletwa kutengenezwa, na kila kitu kingerudi kilipokuwa. Mimi sikuwa na haki ya kusema, na kwa mara moja maishani nilinyamaza.

"Hapana," alisema shemasi. "Hapa ni miye. Mutoto hataki. Na miye sikumusikia mpaka alinisema mbele ya batu."

Mfanyabiashara alifikiri.

"Nilitoa plake muzima," alisema. "Nitajuaje inarudi muzima?" Akaingia ndani, akarudi na waya na balbu, akailaza plake uani ikitazama juu. "Ikikataa, tunarudi ku maneno yetu ya kwanza."

Wingu lilikuwa limekaa juu ya Kakiika kama lililopanga chumba. Tulisimama watatu kuizunguka balbu, nayo ikabaki nyeupe kama yai. Midomo ya shemasi ilikuwa inacheza. Aliomba iwake, au aliomba isiwake? Sijui, wala sikuuliza. Mfanyabiashara alitazama juu, akaitazama balbu, akaanza kukunja waya.

"Subiri kidogo," alisema shemasi.

Jua lilitoka kwanza kwenye migomba, kisha likatambaa uani hadi miguuni petu. Balbu ikawaka. Mfanyabiashara alichuchumaa, akaifunika plake kwa shuka, ikazima. Akafunua, ikawaka tena.

"Ni muzima," alisema. "Muende na amani."

Tuliporudi, karibu na nyumba yake, shemasi alisimama njiani.

"Umuambie wewe, Profesa. Wewe unajua kusema."

"Hapana, Shemasi. Hiyo ni yako."

Alinitazama, akakohoa, akatangulia. Msichana alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliona mikono ya baba yake mitupu. Alisubiri.

"Plake imerudi," alisema baba. Akatafuta neno lingine kwa muda. "Iniforme yako ya shule iko safi?"

"Iko safi, Papa."

Aliitikia kwa kichwa, akainama chini ya kizingiti, akaingia ndani.