Jagi la Divai

Jumamosi nilikuwa jikoni kwangu hapa Hallunda, pembeni mwa Stockholm, nakaanga vitumbua, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wangu wa utotoni, bibi kizee sasa, anapiga kutoka kisiwani Ugiriki. Baada ya salamu akasema, tena kwa furaha: "Mwanangu, jana tumemtoa mama yako. Mifupa yake imetoka myeupe, safi kabisa."

Vitumbua vikaungua. Nimesimama na kijiti mkononi. Ndugu yangu, hebu fikiria: mama umemzika miaka minne iliyopita, ukalia, ukarudi Stockholm kazini, halafu mtu anakupigia kukwambia wamemfukua!

Ngoja nikueleze tulivyofika huko. Mama alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge Muheza. Mzee yule alipotaka kurudi kufia kwao, na kwa kuwa hakukijua tena chakula cha mtu mwingine, akatuchukua. Nilikuwa na miaka sita. Kisiwa chenyewe kidogo, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakujibu "afya". Meli ilikuja mara mbili kwa wiki, na bahari ikichafuka haikuja kabisa. Maji yalikuwa ya mvua, tukiyakinga kwenye paa yateremke kisimani chini ya nyumba. Mkate ulipikwa kwenye tanuri la bibi jirani, tukaukausha mpaka ukawa mgumu kama kigae, tukaula kwa kuulowesha maji na mafuta ya zeituni. Mpaka leo nikikumbuka harufu ya kuni zile mate yananijaa. Kabla ya Pasaka kila nyumba ilipakwa chokaa, na mama alipaka huku akiimba nyimbo za Kibondei, bibi jirani akiitikia bila kuelewa hata neno moja. Nilikuwa na raha, sikufichi.

Kisha mwaka wa pili bibi jirani akamtoa mumewe. Kule makaburi ni machache, ardhi mwamba mtupu. Baada ya miaka mitatu minne wanafukua, wanaosha mifupa kwa divai, wanaiweka kwenye sanduku lenye jina, ndani ya kijumba kando ya kanisa. Mimi nilipewa jagi la divai nishike, kazi ya watoto. Bibi akalichukua fuvu, akalibusu, akaliambia, "Karibu, mzee wangu, umekaa sana huko chini." Sikuogopa, nilishangaa tu. Aliyekimbia ni mama. Nilimkuta nyuma ya ukuta anatapika.

"Mie wasiniguse," akaniambia, amenishika mabega. "Nikifa nilale nilipolazwa. Niahidi." Nikaahidi.

Mzee wa mkonge alikufa, mimi nikaondoka kwenda kusoma na kuishia Sweden, mama akagoma kuhama. Kwa hiyo Jumamosi nilimfokea mwalimu, mtu aliyenifundisha kusoma! Nikamwambia mama alikataa, aliniapisha.

"Hayo ya zamani," akasema. "Mwaka wake wa mwisho alinijia mwenyewe. Alisema wanaoachwa chini ni wageni wasio na mtu. Akasema, 'Mimi msiniache.'"

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Alisema uko mbali, una kazi nyingi. Hakutaka kukusumbua."

Hapo ndipo nilipokaa chini, sakafuni. Kufukuliwa kulinishtua, lakini hili lilinimaliza. Kila Jumapili nilikuwa nampigia mama, tukiongea habari za theluji na za mjukuu wake, naye hili amelifungia moyoni. Binti yangu akaja kuniuliza kwa Kiswidi nani amekufa. Nikamwashiria azime jiko.

Mwalimu aliendelea kunipa habari taratibu, kama anavyozungumza na mtoto. Tanuri la bibi jirani limebomoka. Nyumba yetu sasa wanafikia watalii wa kiangazi. Shule imefungwa, hakuna wa kusoma. Sanduku la mama wameliweka karibu na la bibi jirani, bega kwa bega, na nilishukuru kusikia hivyo.

Mwisho nikamuuliza nani alishika jagi. Akasema hakuna mtoto aliyebaki kisiwani. Aliliweka juu ya jiwe.