Mshumaa Ndani ya Beseni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mbuzi. Umenilalamikia kwamba shule waliyokupa ufundishe sayansi haina laboratuari. Basi kaa, nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunakaa Kibati, chini ya mlima wa volkano. Asubuhi nilikuwa nimepata kumi kwa kumi juu ya gazi karboniki, hiyo kaboni dioksidi. Nilijibu vilevile mwalimu alivyotusomea tukaandika kwenye kaye, daftari zetu: haionekani, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, huzima moto. Maringo niliyorudi nayo nyumbani yangetosha darasa zima.

Mchana mama akanituma nimtafute mbuzi wetu. Nilimkuta nyuma ya shamba, amelala kimya ndani ya shimo la mawe ya volkano. Nikaanza kushuka, karatasi yangu ya kumi kwa kumi ingali mkononi. Nyanya yangu, Koko, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alitokea nyuma yangu, akanidaka kwa kitenge chake.

“Weye mutoto, unaenda wapi? Mazuku iko mule!”

Mazuku, ule upepo mbaya unaoua mashimoni, mimi niliuona ni hadithi ya wazee ya kutishia watoto. Koko hakubishana. Alifunga majani makavu kwenye kijiti kirefu, akayawasha, akayashusha. Moto ulizimika kabla haujazifikia pembe za mbuzi.

“Koko,” nikasema, “ile iko gazi karboniki. Tuliiandika ku masomo.”

“Sasa kama uliijua, ulikuwa unashuka kutafuta nini?”

Nilikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni. Mbuzi tulimwacha palepale, akiwa amekwisha kufa. Niliona aibu kuliko huzuni.

Nilipokuwa mwalimu hapa Goma, nami nilianza na dikte: mimi nasoma, wao wanaandika. Mazoea yana taabu. Kisha nikamkumbuka Koko. Nikanunua siki na bikaboneti, ile ya kuumulia mandazi, pale sokoni Birere, watoto wakaleta beseni na vipande vya mishumaa. Walichanganya wenyewe, gazi ileile ikajaa beseni, wakashusha mishumaa inayowaka wenyewe, ikazimika mmoja baada ya mwingine. Furaha, msichana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akapiga kelele: “Mwalimu, njo mazuku hii!” Yaani, ndiyo hii mazuku yenyewe.

Wiki chache baadaye mpira wa mdogo wake uliingia shimo la mazuku, naye akaanza kuufuata. Furaha alimkamata shati, akamkalia mpaka watu wazima walipofika. Mtoto alilia sana kwa ajili ya mpira wake. Leo ni baba wa watoto wawili, na kila akiniona sokoni mimi ndiye ninayelia.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, mwanangu, lakini mtoto asingoje kuishi kwingi ndipo aone. Kaye ni nzuri, usiitupe. Ila usimpe mtoto neno kabla hajakishika kitu chenyewe, na kile anachokijua nyumbani kwao kiingie naye darasani. Beseni unalo. Nenda.

Mungu akujalie wanafunzi wenye mikono michafu na maswali mengi, na jioni wote wafike kwao salama.