Aliyeupokea Mkono Wangu wa Kushoto

Sikusinzia, sikuwa na homa, na pombe siijui. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa hapa Kyimo wana majibu yao tayari, na mimi nimechoka kuyasikia. Lililonipata lilinipata mchana, nimekaa barazani kwetu, kazi mkononi. Ukitaka kucheka cheka, ila nisikilize kwanza.

Mimi ni mwanamke wa mkono wa kushoto. Unajua maana yake huku kwetu? Shangazi aliyenilea alikuwa akinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga kila tulipokaa kula, mpaka vidole vinakufa ganzi. "Mwanamke gani anapakua kwa kushoto? Wakwe watakula?" Basi nikajifunza kuandika kwa kulia, kupakua kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Kitu kimoja tu kiligoma, gitaa. Nyuzi nilizipiga kwa kushoto, kwa hiyo gitaa la kwaya nililishika kinyumenyume, na mwalimu wa kwaya akawa ananificha nyuma ya spika. Eti shingo ya gitaa langu inaelekea kusikotakiwa, naharibu mstari! Siku moja akaniambia nikipata gitaa la kueleweka nitasimama mbele. Alijua silipati. Bado nina hasira naye na leo sifichi.

Nikaagiza boksi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mna gitaa la umeme likiwa vipandevipande, unaliunga mwenyewe, na hilo lilikuwa la kushoto tangu kiwandani. Mwili wa mbao usiopakwa kitu, shingo, nyuzi, vile visumaku vya kunasa sauti, na vinyaya vyake. Nilipolifungua nililia, niamini. Kumbe kuna watu mahali fulani walikaa wakamfikiria mtu kama mimi.

Mbao niliipiga msasa, nikaipaka vanishi, ikakauka. Ilibaki kuunganisha nyaya na kuvalisha nyuzi, na kesho yake, Jumapili, nilikuwa nakwenda kusimama mbele. Shangazi alikuwa msibani Lufingo. Ukungu wetu wa Julai unaujua? Unashuka mchana kweupe, unameza migomba yote, huoni hata choo cha nyumbani kwako. Nilikuwa nachomea waya wa mwisho kwa risasi ya kuyeyusha, ile pasi ndogo ya kuchomea ikanigusa dole gumba la kushoto ikaacha alama ndefu nyekundu. Alama hiyo uikumbuke.

Kuinua uso, naona mwanamume amesimama uani. Mvi kichwani, koti refu la mvua, mkono wa kulia ameutia mfukoni.

"Shikamoo, baba."

Hakuipokea. "Pole na kazi, mama," alisema. "Hilo ni la kushoto."

Niambie wewe, mzee gani wa Rungwe anaiacha shikamoo ipite hivihivi? Hapohapo ningeingia ndani nikafunga mlango. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kulitazama gitaa lile bila kukunja uso. Mikono yangu ilikuwa michafu, nikampa kifundo cha mkono wa kulia, kama tunavyofanya sote. Alikitazama tu.

"Kifundo cha nini? Maliza kwanza, utanipa ule unaofanya kazi."

Akakaa kwenye ngazi. Nikavalisha nyuzi, nikazikaza, nikachomeka gitaa kwenye spika yangu ndogo. Nikapiga wimbo niliokuwa nimeutunga mwenyewe, mkono wa kushoto ukiwa umelegea, huru, mahali pake. Jamani! Sijawahi kupiga vile. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akasimama akaninyooshea mkono wake wa kushoto.

"Sasa nipe."

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunisalimia kwa mkono ule. Nilifurahi sana. Nikampa wangu, naye akaushika, akaubana, akaukawiza kuliko desturi. Ulikuwa wa baridi, lakini hata siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, akaondoka.

Alipofika kwenye migomba aligeuka, akautoa mfukoni ule mkono wa kulia, akanipungia. Dole gumba lilikaa upande usio wake. Nakwambia ulikuwa mkono wa kushoto, umetokeza kwenye mkono wa kulia wa koti, na juu ya dole gumba palikuwa na alama ndefu nyekundu. Nikatazama langu. Ngozi laini, haina hata doa.

Nikapiga kelele, nikamkimbilia. Nikakuta migomba na ukungu.

Mkono ninao, ona, unaning'inia hapa. Hospitali ya Tukuyu wameupima, Mbeya wameupima, wanasema mzima. Kikombe haushiki, kitufe haufungi. Na unajua kinachoniuma kuliko hayo yote? Shangazi aliniona nakula kwa kulia akapiga vigelegele. "Maombi yangu yamejibiwa!" Maombi! Mwalimu wa kwaya naye amenipa kayamba nitikise kwa mkono wa kulia, mstari wa mbele kabisa, tena anatabasamu. Watu wananipongeza kwa kuibiwa. Hakuna aliyeniuliza nilitaka nini, mimi mwenye mkono.

Gitaa limetundikwa ukutani, nyuzi zinashika kutu. Lakini ukungu ukishuka nasikia wimbo wangu ukipigwa huko chini migombani, na kila ukifika pale nilipozoea kuchelewa kidogo, unachelewa vilevile. Mwizi yule anaupiga vizuri kweli. Shangazi husema ni redio ya jirani, kisha anafunga dirisha.

Kwa hiyo wewe, mtu asiyepokea shikamoo yako usimpe mkono, awe na maneno matamu kiasi gani. Na kama nyumbani kwako yuko mtoto anayeshika kijiko kwa kushoto, ukaanza kutafuta kitambaa cha kumfunga, njoo kwanza Kyimo siku ya ukungu, nikukalishe barazani usikilize. Mkono wangu waliufukuza watu wangu wenyewe miaka mingi kabla yule mzee hajafika. Yeye alikuja kuuchukua tu.