Mlango wa Chumba cha Picha

Kalolaine alikuwa mshonaji wa hospitali ya kisiwa cha Motulalo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya kitu chochote isipokuwa pindo. Alishona mashuka, foronya na mapazia. Alishona pia yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kwa kamba mgongoni, ambayo aliyeyabuni, kwa maoni ya Kalolaine, hakuwahi kuwa na mgongo. Maoni hayo aliyatoa mbele ya cherehani yake, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na muda wa kumsikiliza.

Kisha ikaja mashine. Ilishushwa bandarini ndani ya sanduku kubwa kiasi kwamba familia moja ililiomba baadaye ikafugia nguruwe. Mafundi kutoka ng'ambo waliifunga katika chumba kilichopakwa rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, wakapeana mikono na Daktari Mkuu, wakapanda ndege wakaenda zao. Ilikuwa mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Unalala juu ya kitanda chembamba, kitanda kinakuingiza kwenye duara kubwa, duara linanguruma, sauti inakwambia usipumue. Unaruhusiwa kupumua tena pale sauti itakapokumbuka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mhubiri mmoja mzee, mtu wa watu, mzito wa mwili na wa maneno. Kitanda kilipoanza kusogea alishuka, akatoka mbio, akasahau viatu. Alisimama getini akamwambia kila apitaye kwamba wametaka kumtia kwenye tanuri la ardhini kama nguruwe wa karamu, hata bila kumfunga majani. Kufika Jumapili makanisa yote yalikuwa na habari hiyo, na kila kanisa lilikuwa limeiongezea chumvi kwa ladha yake. Wiki iliyofuata hakuja mtu.

"Kalo," Daktari Mkuu akamwambia, "hebu tushonee pazia zuri pale ndani, watu waache kuogopa."

Aliombwa pazia moja. Lakini ukimpa mtu nafasi aliyoingojea miaka kumi na tisa, usitegemee akuletee pazia moja.

Jambo la kwanza alilofanya Kalolaine ni kulala. Mashine ikiwa imezimwa, alipanda kitandani na viatu vyake, akamwambia Lute, mpiga picha wa hospitali, amsukumie ndani. Lute alikuwa binti wa Nuku'alofa, mji mkuu, mwembamba, ulimi kama wembe, na alikuwa amekaa kisiwani miezi minne tu.

"Unaumwa wapi, mama?" Lute akauliza.

"Naumwa macho. Njoo ulale hapa uone wanachokiona. Parafujo moja, utando wa buibui, na doa la maji lenye sura ya mkwe wangu."

"Hilo la mkwe ndilo lililomkimbiza mhubiri."

"Kwa mkwe wangu hata mimi ningekimbia."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hakukiamini chumba mpaka amelala ndani yake. Dari aliipaka samawati ya asubuhi, akachora na ndege wawili, kwa sababu watatu wangemfanya mgonjwa aanze kuhesabu. Ukutani alitundika vitambaa vya magome ya miti vilivyopigwa na wanawake wa kijiji chake, vyenye maua ya kahawia, na taa kali akaifunika isimchome mtu machoni. Kitandani akatandika shuka la pamba lililofuliwa mara nyingi likalainika. Hata ile sauti ya kuzuia pumzi akamlazimisha Lute airekodi upya kwa Kitonga. Lute aliirekodi kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake kabla wala baada.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa nje, mahali pa kungojea. Mafundi walikuwa wameacha viti sita vya plastiki vikitazama ukuta, kana kwamba wagonjwa wamefanya kosa. Kalolaine alivitoa vyote. Akatandika mkeka mmoja mkubwa, akazungushia mabenchi duara, watu watazamane, familia ikae pamoja ipige soga, mtu asijione yuko peke yake na ugonjwa wake. Kibanda cha kubadilishia nguo alikiweka pembeni pale pale, kwa pazia lenye maua mekundu ya heilala, ili mgonjwa akishavaa gauni atoke akae na watu wake mpaka aitwe. Palipendeza. Wageni walikuja kupatazama bila hata kuumwa. Mhubiri alirudi, akapigwa picha, akafuata viatu vyake, akaomba na chai.

Kichwa kilimvimba Kalolaine, na sioni sababu ya kumlaumu.

Kisha akaja Lesieli. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mfumaji mikeka. Tumbo lilimuuma upande wa kulia tangu Pasaka, na nguo zilianza kumpwaya. Daktari wa upasuaji, ambaye hufika kutoka mji mkuu mara moja kwa miezi mitatu na kukaa wiki moja tu, alimpima kwa mikono. Alisema kuna kitu, na hatakigusa kwa kisu mpaka akione kwenye picha. Ndege yake ilikuwa Ijumaa mchana.

Jumatatu Lesieli aliletwa na kaka yake, Siosaia, dereva wa lori, pande la mtu, kajifunga mkeka wake wa heshima kiunoni kama anayekwenda kanisani. Alikaa kwenye benchi, akatazama mikono yake. Lesieli aliingia kibandani na gauni. Akakaa humo muda mrefu, kisha akatoka na nguo zake alizokuja nazo.

"Nimeacha chungu jikoni," alisema, akaondoka. Kaka yake akamfuata.

"Anaogopa mashine," alisema Lute.

Kalolaine aliumia. Usiku na mchana alikuwa akiitafuta hiyo hofu na kuifukuza kila pembe, na sasa imerudi kwa mlango wa mbele. Jumanne aliweka nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Akapaka mlango mafuta ya nazi yenye maua. Akaongeza mito.

Jumatano Lesieli akaja tena na kaka yake, akaingia kibandani tena, akatoka tena amevaa vyake. Safari hii alisema kichwa kinamuuma. Uso wake ulikuwa umeshuka, na alipopita karibu na Kalolaine aliinamisha macho kama mtu aliyevunja sahani ya mwenyeji.

"Mwambie aje hata na nguo zake," Daktari Mkuu akasema.

"Nguo zake zina vifungo vya chuma, na sketi ina zipu," akajibu Lute. "Picha itakuwa ya zipu."

"Basi Kalo, ongeza kitu."

"Ongeza kwaya nzima," alisema Lute. "Waimbe wakiwa wamesimama juu ya mashine."

Kalolaine hakucheka. Alijua jinsi nguo zinavyompwaya mtu, hiyo ndiyo kazi yake, na alikuwa amezisoma nguo za Lesieli. Miezi mitatu mingine ilikuwa mingi kwa mwili ule. Usingizi haukumjia vizuri, na asubuhi ya Alhamisi alikata shauri kuwa mgonjwa kamili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, aone ni wapi hasa roho inamwishia mtu.

Aliingia kibandani, akavua, akavaa gauni lile alilolishona mwenyewe mara mia tano, akafunga kamba zilizofungika. Akafungua pazia la heilala na kutoka.

Juu ya ngazi, katikati ya duara lake zuri, alikuwapo Taniela, fundi umeme, anafunga feni. Taniela ni mtoto wa mjomba wake Kalolaine, na mtoto wa mjomba kwetu ni kaka, hakuna utani hapo wala mzaha. Ni mtu ambaye tangu walipobalehe hajakaa naye kutazama filamu, hajaingia chumbani kwake, hajapita penye kamba ya nguo zake. Mbele yao wawili, watu huacha hata kichekesho kikiwa nusu mdomoni.

Taniela aliona. Akafumba macho papo hapo, akaugeukia ukuta, akaanza kushuka ngazi kinyumenyume huku amefumba. Alikosa kidato cha mwisho, akatia mguu kwenye ndoo, akapapasa mlango akaufungua, akaingia na kujifungia. Ulikuwa mlango wa stoo ya mashuka. Kalolaine alijizungushia pazia mpaka likang'oka na chuma chake, akarudi kibandani akiwa maua matupu.

Lute, aliyetoka mbio kwa kishindo cha ndoo, alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akamwona Kalolaine, amekaa kwenye kigoda cha kibandani, machozi yanamtoka.

"Mwenzangu, ni mguu tu wa Taniela, utapona."

"Mimi ndiye niliyemfukuza," Kalolaine akasema.

"Taniela?"

"Lesieli! Nilitaka akae mbele ya kaka yake akiwa uchi wa mgongo. Mara mbili. Halafu nikampakia mafuta ya nazi mlangoni."

Lute akaacha kucheka. "Lakini kwa nini asiseme?"

"Aseme nini? Kwa mdomo gani, na kaka yake kakaa pale? Kulitaja ni sawa na kulifanya. Na hata Siosaia angebaki garini, taja siku moja ambayo benchi hili halina binamu."

Lute alikwenda akalifungua daftari la wagonjwa. Alipitisha kidole polepole. Wanawake waliobadili nia walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikuwa ameacha chungu, wawili wamesahau watoto, mmoja alikuwa na mgeni. Mbele ya kila jina Lute alikuwa ameandika neno lile lile, woga.

Kalolaine alilisoma daftari mara mbili. Alikuwa amelala kila mahali isipokuwa pale mtu anapokaa, yeye mzaliwa wa kisiwa, tena mtu mzima. Alijitukana kwa maneno ambayo siyaandiki.

Kisha akafuta pua, akaenda kugonga mlango wa stoo.

"Kaka Taniela," alisema akiwa amevaa vyake, na ameupa mlango kisogo. "Huo ukuta wa mbao humo ndani, nyuma yake si chumba cha mashine?"

"Ndiyo," sauti ikatoka ndani.

"Una msumeno?"

"Nina msumeno."

Hakuuliza wa nini. Hadi leo hawajalitaja jambo lile, na hawatalitaja. Lakini ile kasi ambayo Taniela aliukata nayo ule ukuta ilionyesha mtu aliyeelewa vizuri sana. Mashuka yalihamia kwingine, stoo ikawa chumba cha kubadilishia, na ndani yake mlango mpya ulimtoa mtu moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha mashine, kwa Lute. Ule mlango wa upande wa mabenchi ulipigiliwa misumari, na kuingia stoo mtu alipitia mlango mwingine wa ukumbi wa nyuma, upande wa kliniki ya akina mama. Mabenchi Kalolaine aliyageuza yakatazama bustani. Kisha akakaa kwenye cherehani, na jua halijazama akawa ameshona magauni mawili mapya, marefu hadi kifundo cha mguu, yenye mikono, ya kujifunga ubavuni kwa mafundo ya kitambaa, bila hata kifungo kimoja. Yalikuwa na mbele na nyuma, kama nguo za binadamu.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa uani kwa akina Lesieli. Siosaia alikuwa hatua chache tu, anafuta kioo cha lori. Lesieli alikuwa amekaa barazani na ufumaji wake, hafumi.

Kalolaine alijua hawezi kusema. Akakaa, akaushika ule mkeka, akausifia ukingo.

"Tumehamisha mlango kule hospitali," akasema, kama mtu anayesimulia habari za maseremala.

"Mmh?"

"Sasa uko nyuma, upande wa akina mama. Ukiingia huko unatokea kwa Lute tu. Mabenchi nayo tumeyageuza, wanaongoja wanatazama maua. Na magauni nimeyarefusha. Nilikuwa na kitambaa kimebaki."

Lesieli aliinua macho. Alimtazama Kalolaine, akatazama vidole vyake mwenyewe.

"Nyuma kabisa?" akauliza.

"Nyuma kabisa."

Siosaia alikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni.

"Nawasha gari," alisema, akilitazama gurudumu.

Picha ilichukua dakika chache. Daktari wa upasuaji aliitazama amesimama, mkoba wake ukiwa tayari begani, akasema ni uvimbe, ni mkubwa, ila haujashika kwingine, na hangojei miezi mitatu wala siku tatu. Mchana ule ule Lesieli alipanda naye ndege. Siosaia alibaki kiwanjani mpaka ndege ikapotea, akabaki tena.

Wiki saba baadaye, Jumamosi, lori lilisimama nyumbani kwa Kalolaine. Siosaia alishuka, amejifunga mkeka wake kiunoni, akaanza kushusha viazi vikuu, vile virefu vya kwanza vya msimu ambavyo hupelekewa mchungaji na machifu. Alivipanga barazani kimoja kimoja, akivifuta udongo kwa kiganja.

"Kaka, hivi vyote ni vya nini?" Kalolaine akauliza, ingawa alijua.

"Vimezaa sana mwaka huu," Siosaia akasema.

"Vimezaa kweli."

Alilipanga rundo la mwisho. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mkubwa vile, na hakujaribu kujificha wala kujifuta.

"Amerudi juzi," alisema. "Jana alikula sahani mbili."

Kalolaine akaingia ndani kumletea maji ya kunawa.